Sura ya 6: Fomu Moja, Kompyuta Tano

“Kwangu inafunguka vizuri. Mbona kwako haifunguki?”

Kila timu iliyowahi kuandaa maombi ya ruzuku kwa njia ya mtandao inalijua swali hili. Mhasibu amejaza bajeti. Mratibu amemaliza sehemu yake akaituma kwa mkurugenzi ili aipitie. Mkurugenzi anabofya faili, na badala ya fomu anakuta ukurasa mweupe wenye sentensi chache za Kiingereza zinazomwomba asubiri. Anasubiri. Anazima kompyuta na kuiwasha tena, ukurasa ni uleule. Anampigia mhasibu, naye anaapa kwamba fomu anaiona mbele yake, imejaa kila kisanduku.

Wote wawili wanasema kweli. Fomu ni moja, ila kila mmoja anaifungua kwa programu yake, na programu hizo hazielewani. Sura hii inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuikwepa. Dai langu ni moja: mgongano wa namna hii haumsubiri fundi wa siku ya mwisho, unamalizwa na makubaliano ya siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajaandika neno.

Toleo ni nini, na ugomvi unatoka wapi?

Programu ni maelekezo yanayoiwezesha kompyuta kufanya kazi fulani, kama kuandika barua, kupiga hesabu au kusoma faili. Waundaji wake huirekebisha mara kwa mara: wanaziba mianya ya usalama, wanaongeza uwezo, wanaondoa vitu vya zamani. Kila rekebisho linalotolewa kwa watumiaji ni toleo, na kwa kawaida hupewa namba au mwaka.

Fikiria kitabu cha darasani kilichochapwa mara mbili. Mwalimu anasema, “Fungueni ukurasa wa 40.” Wenye chapa mpya wanakuta zoezi la sehemu, wenye chapa ya zamani wanakuta picha ya pembetatu. Jalada ni lile lile, na hakuna mwanafunzi aliyekosea. Kinachotofautiana ni chapa walizoshika.

Katika ofisi zetu tofauti hizi zina sababu zinazoeleweka. Kusasisha programu, yaani kuipandisha iwe toleo jipya, kunakula bando, na bando lina kazi nyingine. Laptopu ya mhasibu ilinunuliwa mwaka huu, ya katibu imerithiwa kutoka mradi uliokwisha. Mmoja aliwekewa programu na fundi wa mtaani, nakala isiyo halali ambayo haijisasishi. Mwingine hana kompyuta kabisa, anasahihisha andiko kwenye simu kwa WPS Office akiwa kwenye daladala. Kwa kazi za kila siku mchanganyiko huo hauna shida. Kwenye fomu ya mfadhili ndipo unapoleta balaa.

PDF ambayo si PDF ya kawaida

Watu wengi wanajua PDF kuwa faili inayoonekana sawa kila mahali. Ndivyo ilivyokusudiwa na kampuni ya Adobe ilipoitoa mwaka 1993, na mwaka 2008 muundo huo ukawa kiwango cha kimataifa kinachoweza kutumiwa na kampuni yoyote. Ndiyo maana leo PDF hufunguka kwenye Chrome, kwenye simu, hata ndani ya WhatsApp.

Ila zipo fomu za PDF zilizotengenezwa kwa mtindo mwingine, unaoitwa XFA. Fomu ya XFA inabeba maelekezo ndani yake: inajumlisha bajeti yenyewe, inaongeza safu mpya ukibofya, inakataa kisanduku kikiachwa wazi. Anayeyafuata maelekezo hayo kwa uhakika ni Adobe Reader, ambayo sasa inaitwa Acrobat Reader na inapatikana bure. Visomaji vingine vingi, vikiwemo baadhi ya vivinjari vya intaneti na programu ya Preview iliyomo kwenye kompyuta za Mac, huonyesha ule ukurasa mweupe wa “subiri”, au fomu isiyojazika.

Ukurasa mweupe haudhuru chochote, maana walau unajua kuna tatizo. Hatari ni pale programu isiyofaa inapoonekana kuifungua fomu, mtu akajaza na kuhifadhi. Kuhifadhi huko kunaweza kuvuruga maelekezo ya ndani bila dalili yoyote, na timu ikagundua siku ya kuwasilisha, pale mfumo unapoikataa.

Kanuni ya kwanza inatokana na hapo: fomu ya PDF ya mfadhili usiifungue ndani ya kivinjari, ndani ya barua pepe wala kwenye simu. Ipakue, ihifadhi kwenye kompyuta, kisha ifungue kwa Acrobat Reader. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya ili uchague programu ya kuifungulia.

Walichojifunza Wamarekani

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Serikali ya Marekani ilianzisha Grants.gov mwaka 2003, lango moja la kutangaza ruzuku zake na kupokea maombi. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Tanzania, Kenya na Uganda hulipitia pia, hasa zinapoomba fedha za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo.

Fomu za mwanzo zilihitaji programu ya PureEdge, iliyofanya kazi kwenye Windows tu. Mtafiti mwenye Mac alilazimika kutafuta njia za kuzunguka. Baadaye lango likahamia kwenye fomu za Adobe, na tatizo likabadilika sura. Maombi yote yalikuwa kifurushi kimoja cha PDF kilichopita mkononi mwa kila mhusika, na kila aliyekigusa alipaswa kuwa na toleo la Adobe linalokubalika. Mmoja tu akikihifadhi kwa toleo lisilofaa, kazi ya wote ingeweza kuharibika.

Suluhisho lilikuja kwa kubadili utaratibu. Grants.gov ilileta Workspace, mahali pa pamoja mtandaoni ambapo kila fomu inasimama peke yake. Anayejaza fomu anaifunga kwa muda ili mwingine asiiguse, na fomu nyingi hujazwa moja kwa moja kwenye kivinjari. Kile kifurushi kimoja cha zamani kilistaafishwa tarehe 31 Desemba 2017. Anayechagua kupakua fomu moja moja za PDF bado anahitaji Acrobat Reader inayokubalika.

Utaratibu huo unaigika hata na kikundi kisicho na mfumo wowote. Kila sehemu iwe na mjazaji mmoja, na wakati anajaza, wengine wasubiri.

Kwa ufupi: fomu ya mfadhili ifunguliwe kwa programu aliyoitaja mfadhili, kwenye kompyuta, na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Fomu nayo ina toleo

Wengi husasisha programu zao wakasahau kwamba fomu yenyewe husasishwa. NIH huzipa seti zake za fomu herufi. FORMS-H ilianza kutumika kwa maombi ya kuanzia tarehe 25 Januari 2023, na FORMS-I kwa yale ya kuanzia tarehe 25 Januari 2025. Anayechukua fomu za mwaka juzi kwa sababu tayari zina anwani na majina ya taasisi anaweza kukuta kazi yake imekataliwa hata kama kila neno ni sahihi.

Dalili za fomu iliyopitwa na wakati si ngumu kuziona. Fomu ya serikali ya Marekani ikikuuliza namba ya DUNS, jua ni ya zamani, kwa kuwa tangu tarehe 4 Aprili 2022 namba hiyo ilibadilishwa na UEI, kitambulisho cha taasisi chenye herufi na tarakimu 12. Fomu nyingine huandikwa tarehe ya kwisha muda, kwa kawaida pembeni juu au chini ya ukurasa wa kwanza.

Kanuni ya pili: kila mwito wa maombi uanze na fomu mpya kutoka kwenye tangazo la mwito huohuo. Maandishi ya mwaka jana unaweza kuyanakili. Faili ya mwaka jana iache ilipo.

Andiko lilikuwa kurasa 12, limekuwaje 13?

Andiko la mradi, yaani maelezo marefu ya mnachotaka kufanya, huandikwa kwenye Word au programu inayofanana nayo. Hapa migongano huja kimyakimya.

Ya kwanza ni fonti, yaani umbo la herufi. Faili ya Word kwa kawaida hubeba jina la fonti, na umbo lenyewe huchukuliwa kwenye kompyuta inayoifungua. Kompyuta isipokuwa na fonti hiyo, huweka nyingine inayokaribiana. Word ya 2007 iliacha Times New Roman kama fonti ya kuanzia ikaleta Calibri, na kuanzia 2023 Microsoft imekuwa ikiweka Aptos. Andiko lililoanzishwa kwa Aptos kwenye laptopu mpya, likifunguliwa kwenye Office ya zamani au kwenye LibreOffice, laweza kubadili urefu wa mistari, jedwali likakatika katikati na vichwa vya habari vikahamia ukurasa unaofuata.

Ya pili ni ukubwa wa karatasi. Kompyuta zetu zimezoea A4, sentimita 21 kwa 29.7. Marekani hutumia Letter, inchi 8.5 kwa 11, ambayo ni kama sentimita 21.6 kwa 27.9, na NIH haitaki ukurasa mkubwa kuliko huo. Ukibadili kutoka A4 kwenda Letter usiku wa mwisho, kila ukurasa unapoteza urefu wa mistari mitatu au minne, na ule upana kidogo unaoongezeka haufidii. Maelezo ya utafiti katika ombi la NIH la aina ya R01 hayatakiwi kuzidi kurasa 12. Andiko lililokaa sawasawa kwenye kurasa 12 za A4 litamwagikia ukurasa wa 13.

Ya tatu ni muundo wa faili. Tangu 2007 Word huhifadhi kwa .docx, wakati Word za kabla ya hapo zilitumia .doc. Faili ikirudishwa kwenye .doc na mtu mmoja kisha ikarudi .docx kwa mwingine, milinganyo na michoro inaweza kuharibika au kugeuka picha isiyoharirika.

Dawa yake ni kiolezo kimoja, yaani faili tupu iliyokwishapangwa ukubwa wa karatasi, pambizo, fonti na ukubwa wa herufi kama tangazo linavyotaka. Atengeneze mtu mmoja, aigawe siku ya kwanza, na kila mwandishi aandike humo. Chagua fonti ya kawaida inayokubaliwa na mfadhili na iliyopo kwenye mashine zote, mfano Arial. Wanaosahihisha kwa simu waandike maoni yao kama ujumbe wa kawaida: “Aya ya pili, ongeza idadi ya vijiji.” Mwenye faili ndiye atakayeyaingiza.

Andiko likikamilika, ligeuzwe PDF moja kwa moja kutoka kwenye Word kwa amri ya kuhifadhi kama PDF. Kuliprinti steshenari na kuliskani kunatoa picha za kurasa, faili inakuwa nzito na maneno hayatafutiki. NIH pia inakataa viambatisho vyenye nywila au vyenye visanduku ambavyo bado vinajazika.

Bajeti: nukta, mkato na tarehe

Jedwali la bajeti lina mtego wake pale washirika wanapokaa nchi tofauti. Kompyuta za Dar es Salaam na Nairobi kwa kawaida huandika elfu kumi na mbili na mia tano hivi: 12,500. Nyingi za Bujumbura au Lubumbashi zimepangwa Kifaransa, ambako mkato hutenganisha sehemu ya desimali. Faili ya Excel ikitumwa nzima, namba zinakuwa salama kwa kuwa kila kompyuta huzionyesha kwa mtindo wake. Shida huanza mtu anaponakili namba kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp: ile 12,500, ikibandikwa kwenye Excel ya Kifaransa, inasomwa kumi na mbili na nusu. Mshahara wa mwaka unageuka nauli ya bodaboda, na jumla chini inakuja na kosa ambalo hakuna anayejua lilipoingilia.

Tarehe nazo ni hivyohivyo. 03/04/2026 kwetu ni tarehe tatu Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Kwenye andiko, mwezi uandikwe kwa jina lake.

Nakala ipi ndiyo ya mwisho?

Mgongano mwingine hauhusu programu hata kidogo. Fungua folda ya maombi ya taasisi nyingi utakuta “andiko_mwisho”, “andiko_mwisho2”, “andiko_mwisho_kabisa” na “andiko_mwisho_MKURUGENZI”. Ipi iwasilishwe? Anayejua yuko safarini na simu haipatikani.

Tumieni namba na tarehe: “Bajeti_v03_2026-02-14”. Herufi v inasimama kwa toleo, namba hupanda kila faili inapobadilika, na tarehe ikianza na mwaka, faili zinajipanga zenyewe kwa mfuatano. Kila faili iwe na mtunzaji mmoja ambaye ndiye pekee anayepandisha namba. Mkitumia Google Docs, wote mnaandika mahali pamoja na historia ya mabadiliko inatunzwa, ila mkishahamishia Word kwa ajili ya kupanga kurasa, ile ya mtandaoni ifungwe isihaririwe tena.

Nakala za ndani ziwe na majina marefu mnavyopenda, ila za kuwasilisha ziwe fupi. NIH hutaka jina la kiambatisho lisizidi herufi 50, nafasi zikiwemo. Herufi za kawaida, tarakimu na kistari cha chini ndizo salama zaidi. Kwa Kiswahili hii ina maana ya kuacha kile kiritifaa cha ng'ombe: andika “mradi_wa_ngombe.pdf”, mfumo hautakusahihisha tahajia.

Saa ya mwisho ni saa ya nani?

Kinga zote hizi zinahitaji muda, na muda wenyewe huhesabiwa tofauti. Maombi ya NIH hufungwa saa 11 jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba. Matangazo mengine ya Marekani husema 11:59 p.m., yaani saa 5:59 usiku, kwa saa za Washington, ambayo kwetu ni saa 12:59 asubuhi ya siku inayofuata, au saa 1:59 asubuhi katika miezi yao ya baridi. Mwito wa Umoja wa Ulaya unaofungwa saa 17:00 ya Brussels unafungwa kwetu saa 12 jioni majira ya joto, na saa 1 usiku majira ya baridi.

Kubofya kitufe cha kuwasilisha si mwisho. Grants.gov hukupa namba ya ufuatiliaji, kisha hukagua maombi yako, na ukaguzi huo unaweza kuchukua hadi siku mbili za kazi. “Yamepokelewa” ni hatua ya kwanza. Unachotafuta ni ujumbe kwamba yamethibitishwa. Yakikataliwa kwa kosa la faili na muda umekwisha, huna pa kurekebishia. Mkiwasilisha siku tatu au nne kabla, mnajiachia nafasi ya kosa moja.

Utaratibu wa kufuata

Wiki ya kwanza:
1. Soma tangazo, andika kwenye karatasi moja programu, toleo la fomu, fonti, ukubwa wa karatasi na ukomo wa kurasa.
2. Pakua fomu mpya kutoka kwenye tangazo hilo.
3. Teua kompyuta moja ya kuwasilishia, yenye programu halali zilizosasishwa. Mashine ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, isiwe hiyo.
4. Jaza fomu kwa maneno ya majaribio, ihifadhi, ifunge, ifungue tena. Mfanye hivyo kwenye kila kompyuta itakayoigusa.
5. Gawa kiolezo na taja mtunzaji wa kila faili.

Katikati ya kazi:
1. Usisasishe programu yoyote ya maombi baada ya majaribio kufaulu, isipokuwa mfadhili ametaka hivyo.
2. Weka nakala ya akiba ya kila siku kwenye flashi au hifadhi ya mtandaoni.

Siku tano za mwisho:
1. Geuza viambatisho kuwa PDF kwenye ile kompyuta moja, kisha hesabu kurasa upya.
2. Mtu ambaye hakuandika afungue kila PDF na kuisoma mwanzo hadi mwisho.
3. Wasilisha, tunza namba ya ufuatiliaji, fuatilia hadi uthibitisho.

Muhtasari wa sura

Kuna matoleo ya aina tatu yanayoweza kugongana: toleo la programu, toleo la fomu na toleo la faili mnayoiandika wenyewe. La kwanza linamalizwa kwa kuchagua programu moja na kuijaribu mapema. La pili kwa kupakua fomu mpya kila mwito. La tatu kwa kuwa na mtunzaji mmoja na majina yenye namba. Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi wala mtaalamu wa kompyuta.

Mfadhili hatajua kwamba mlikesha, wala mfumo wake hauulizi sababu. Basi kabla ya kikao cha kugawana sehemu za kuandika, anzeni na kikao kifupi zaidi: kila mtu aje na kompyuta yake, aifungue ile fomu mbele ya wenzake, na isiyofunguka ijulikane siku hiyo.